Nimekunywa metformini miezi 18 ili nizeeke taratibu: kidonge sina ugomvi nacho, huduma iliyoniuzia naipa nyota mbili

Naandika hii kwa wewe ambae umeshajaza ile fomu na kidole kiko juu ya kitufe cha kulipia. Subiri dakika kumi usome kwanza, mimi nilikua hapo hapo ulipo na hakuna mtu alieniambia haya.

Jina la huduma sitalitaja maana ziko nyingi na zinafanana kama mapacha, unapakua aplikesheni, unajibu maswali, daktari usiyemwona anaidhinisha, dawa zinakuja mlangoni kila mwezi. Wanachouza ni wazo moja: kuna dawa za zamani zilizozoeleka hospitalini, zimeshanywewa na mamilioni ya watu, sasa unapewa wewe usieumwa ili uzee wako uchelewe. Metformini ya wagonjwa wa sukari, rapamaisini ya waliopandikizwa figo, na nyingine mbili tatu. Dawa ya zamani ni dawa salama, ndo hoja yao. Na hiyo hoja ilinishika kwelikweli kwa sababu mama yangu anakunywa metformini zaidi ya miaka ishirini na yupo.

Niseme kwanini nilitaka. Sio makunyanzi, makunyanzi sina shida nayo. Mimi nina miaka 54 na mama ana 79, na mwaka ule ndo aliacha kupanda ngazi za nyumbani kwake tukamhamishia kitanda chumba cha chini. Siku tunashusha godoro alisimama chini ameshika mkono wa ngazi anaangalia juu, hakusema kitu. Mimi ndo nilishika upande wa mbele nashuka kinyumenyume, nilipogeuka kuangalia ninapokanyaga nikauona uso wake vizuri kabisa. Usiku ule ule nikaanza kusoma mambo ya kuchelewesha uzee. Nilichokua natafuta ni miguu. Nikifika miaka 79 nataka niwe napanda ngazi zangu mwenyewe, basi, na hicho ndo kipimo ninachopimia huduma hii yote kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Kujisajili ni rahisi, rahisi kupita kiasi. Swali la figo lilikua "una ugonjwa wa figo, ndiyo au hapana", hawakuomba kipimo cha damu wala hawakuuliza mara ya mwisho nimepima lini. Nikabonyeza hapana kwa sababu sijawahi kuambiwa ninao, lakini kutokuambiwa na kutokua nao ni vitu viwili tofauti. Metformini inatoka mwilini kwa njia ya figo, figo zikiwa zimechoka inajikusanya na hapo ndo hatari ya asidi kujaa kwenye damu inapoanzia. Kuna dawa ndugu yake inaitwa fenformini ilikuja kuondolewa sokoni miaka ya 1970 kwa sababu hiyo hiyo ya asidi, watu walikufa. Metformini ni salama kuliko ile kwa mbali sana, ila usalama wenyewe unaanzia kwenye kujua figo za mtu zikoje kabla hujampa. Dakika nne baada ya kutuma fomu nikapata ujumbe kwamba daktari ameidhinisha mpango wangu. Dakika nne! Hapo nyota ya kwanza ikaondoka.

Parseli ilifika haraka, imefungwa vizuri, chupa ina jina la kiwanda na ekspaya iko mbali, kwenye hilo sina neno. Vidonge 120 vya miligramu 500. Ukifungua kifuniko inakupiga harufu kama ya samaki aliyelala, usishtuke, ndo ilivyo, ya mama inanuka hivyo hivyo.

Na dawa yenyewe ina historia ya heshima, naomba niiseme kwa sababu kwenye aplikesheni yao wameandika mistari miwili tu. Ukoo wake unaanzia kwenye mmea unaitwa Galega officinalis, Ulaya walikua wanautumia kama dawa ya kienyeji karne nyingi, mifugo ikiula sana inakufa, na ndani yake kuna kemikali inayoshusha sukari. Metformini ilitengenezwa mara ya kwanza maabara huko Dublin mwaka 1922 ikakaa tu bila kazi, mpaka 1957 daktari Mfaransa Jean Sterne alipotoa taarifa za wagonjwa wa sukari aliowatibu nayo, ikapewa jina Glucophage, yaani mla sukari. Marekani walichelewa sana, waliipitisha mwishoni mwa 1994. Inavyofanya kazi ni kwamba inalizuia ini kumwaga sukari nyingi kwenye damu, alafu ndani ya seli inabana kidogo vile vinu vya nishati mpaka seli inajiona ina njaa, na seli ikijiona ina njaa inapunguza kujenga na kukua inageukia usafi na ukarabati. Hilo la ukarabati ndo watu wa mambo ya uzee wanalipenda na mimi nililipenda. Ila shika hapo kwenye "inapunguza kujenga", nitarudi.

Maelekezo yao yalikua viwili asubuhi viwili jioni kuanzia siku ya kwanza. Wiki tatu nzima tumbo linaunguruma, naharisha, mdomoni ladha ya chuma kama nimelamba ufunguo, kuna siku nilishuka kwenye basi kabla ya kituo changu kwa sababu nisingefika. Nikaandika kwa kastoma kea yao nikajibiwa ujumbe ule ule mara tatu, kwamba mwili unazoea, endelea. Alienisaidia ni mfamasia mmoja wa karibu na kazini, sikua hata mteja wake, akaniuliza umeanza na ngapi, nikamwambia vinne, akaweka kalamu chini. Akanieleza kwamba metformini unaanza kimoja kwa siku, katikati ya chakula, ukikaa wiki unaongeza kimoja, unapanda polepole, na kama bado tumbo linagoma unaomba aina inayoyeyuka taratibu. Huyo mama alinipa dakika sita bila malipo na alinisaidia kuliko mwaka mzima wa ile huduma. Nikabadilishiwa aina ya taratibu na tumbo likatulia. Alinitahadharisha pia kwamba naweza kuona ganda la kidonge kwenye choo kama kilivyo, kwamba ni ganda tupu na dawa imeshatoka, na kweli nilikuja kuliona, bila yeye ningedhani dawa inanipita tu.

Sasa siku moja niko kwa mama, tumekaa mezani na kila mtu na chupa yake. Akaiona yangu.

"Na wewe una sukari, mwanangu?"

Nikamwambia hapana mama, nakunywa ili nisizeeke haraka. Akakigeuza kidonge kwenye kiganja, akakitazama, akasema, "Mimi nakinywa miaka yote hii, mbona nimezeeka?"

Sikua na jibu pale mezani. Nikalitafuta baadae na kusema kweli jibu ndo hili review yote imeegemea. Matumaini mengi ya metformini kama dawa ya uzee yalitoka kwenye utafiti wa Uingereza wa 2014 ambao ulilinganisha wagonjwa wa sukari wanaotumia metformini na watu wasio na sukari kabisa, ikaonekana wale wagonjwa wanaishi sawa au hata kuwazidi kidogo wazima. Hiyo habari ilizunguka dunia nzima, na ndo ile huduma wameiweka ukurasa wa mbele mpaka leo. Lakini kulikua na jambo kwenye hesabu, mgonjwa akibadilishiwa dawa kwa sababu sukari imezidi alikua anatolewa kwenye hesabu kuanzia hapo, kwahiyo waliobaki ni wale ambao ugonjwa wao ulikua mpole. Mwaka 2022 watafiti wakarudia kwa data za Denmark bila kuwaondoa hao watu, na ule muujiza ukapotea, wagonjwa wa metformini walikua wanakufa zaidi kuliko wasio na sukari, kama ambavyo mtu angetegemea. Huo utafiti wa pili kwenye aplikesheni haupo popote, nimetafuta ukurasa kwa ukurasa.

Hii haimaanishi mama anakunywa bure, hapana. Kwa mwenye sukari dawa hii imeokoa watu, utafiti mkubwa wa Uingereza uliotoka 1998 ulionesha wagonjwa wa sukari wenye uzito mkubwa waliopewa metformini walikufa wachache na walipata mshtuko wa moyo wachache. Ni kwamba kumrudisha mgonjwa karibu na afya ya kawaida ni kazi moja, na kumpeleka mzima mbele zaidi ya kawaida ni kazi nyingine, na ushahidi wa kazi ya kwanza hauwezi kuazimwa ukatumika kwa ya pili.

Turudi kwenye miguu. Mimi nanyanyua vyuma mara tatu kwa wiki na siku nyingine natembea kwa kasi, nilianza mazoezi na vidonge ndani ya mwezi mmoja kwa nia ile ile. Nina daftari la jimu, naandika kila kitu. Miezi miwili ya kwanza uzito wa kuchuchumaa ukapanda, alafu ukasimama. Kilo 45. Ukurasa mzima wa mwezi wa tano ni 45, 45, 45, 45, wa sita hivyo hivyo. Mwenzangu tulieanza nae siku moja, umri wetu unakaribiana, yeye hanywi kitu, alikua ameshafika 60. Nikajilaumu silali vizuri, nikaongeza chakula, nikaongeza siku ya nne ya mazoezi, wapi.

Alafu nikakuta utafiti mbili za mwaka 2019. Ya kwanza walichukua watu wa miaka 65 kwenda juu wakawafanyisha mazoezi ya vyuma wiki 14, nusu wanakunywa metformini nusu wanakunywa kidonge kisicho na dawa, na wale wa kidonge kitupu ndo waliojenga misuli zaidi. Ya pili ilikua mazoezi ya kuongeza pumzi na nguvu ya moyo, sio ya vyuma, wiki 12, watu wa miaka sitini hivi, na wenye metformini walipata faida ndogo zaidi ya mazoezi, kwenye pumzi na hata kwenye namna mwili unavyotumia insulini. Nilisoma nikakaa kimya pale kwenye kiti. Dawa inayoiambia seli ipunguze kujenga, mimi naenda jimu kuiambia ijenge. Siwezi kuapa kwamba kilo zangu 45 zilitokana na kidonge, mtu mmoja sio utafiti, lakini mimi nilinunua miguu na inawezekana kabisa nilikua nalipa kila mwezi ili miguu isijengeke.

Kinachoniuma ni kwamba kwenye ile fomu ya maswali hakuna swali hata moja linalouliza kama unafanya mazoezi. Hata moja. Na wateja wao wengi ni watu kama mimi, watu wanaojijali, wanaoamka alfajiri kukimbia. Nikawaandikia nikawauliza kuhusu hizo tafiti mbili, nikajibiwa baada ya siku tisa, kwamba kila mtu ni tofauti, na kwamba kuna kifurushi cha juu zaidi chenye mshauri wa mazoezi.

Mwezi wa kumi na nne vidole vya miguu vikaanza ganzi usiku. Daktari anaemtibu mama ndo alienishtua, nilimsindikiza mama kliniki nikamtajia tu kwa bahati, akaniandikia kipimo cha B12 siku hiyo hiyo, ikaja chini. Metformini ikitumika mda mrefu inapunguza namna tumbo linavyofyonza vitamini B12, ni jambo linalojulikana miaka mingi, na ukiiacha iendelee mishipa ya fahamu inaharibika. Mama anapimwa kila mwaka. Mimi mteja mzima wa huduma ya "maisha marefu" sikuwahi kupimwa. Nikachomwa sindano za B12, ganzi imepungua sana, kidole gumba cha kushoto bado bado.

Kitu pekee walichonipima wao ni ule "umri wa kibaiolojia", unatema mate kwenye kijichupa unatuma. Majibu ya kwanza yakasema nina miaka 49, nikafurahi nikapigia watu simu. Miezi minne baadae nikatuma vijichupa viwili vya siku moja kwa kutumia akaunti yangu na ya mwenzangu, mate yote yangu, kimoja kikarudi 51 kingine 57. Asubuhi moja, mdomo mmoja, tofauti miaka sita. Kipimo cha namna hiyo hakiwezi kuniambia kama kidonge kimenisogeza mwaka mmoja huku au kule, na wao wanauza kidonge kwa kutumia hicho kipimo.

Baada ya hapo wakaanza kunisukumia rapamaisini. Hii nayo niseme kwa haki yake, kwa upande wa wanyama ina ushahidi mzuri kuliko metformini. Ilitokana na udongo wa kisiwa cha Rapa Nui uliochukuliwa na msafara wa Kanada 1964, ndo jina lilipotoka. Maabara iliyokua inaishughulikia Montreal ikafungwa, na mwanasayansi Suren Sehgal akaihifadhi kwenye friza nyumbani kwake isipotee, mwaka 1999 ikaruhusiwa Marekani kwa ajili ya waliopandikizwa figo. Na 2009 maabara tatu za Marekani zikatangaza kwamba panya waliopewa wakiwa tayari wazee, umri kama wa binadamu wa miaka 60 hivi, waliishi zaidi, majike kwa asilimia 14 na madume 9. Metformini peke yake kwenye mpango huo huo wa panya haikuongeza maisha kwa kiwango cha kuaminika. Kwahiyo naelewa watu wanaovutiwa nayo. Lakini ni dawa inayotuliza kinga ya mwili, inaleta vidonda mdomoni, inapandisha mafuta na sukari kwenye damu, kidonda kinachelewa kupona. Kuna jaribio la watu la wiki 48, dozi ya mara moja kwa wiki, lengo kuu lilikua mafuta ya tumboni na hayakupungua, wanawake wa dozi kubwa ndo waliongeza misuli kidogo. Na humo humo ikagundulika rapamaisini inayochanganywa na famasia zenyewe inaingia kwenye damu karibu theluthi tu ya ile ya kiwandani. Nikawauliza yenu ni ya kiwandani au ya kuchanganya? Hawakujibu mpaka leo. Nikakataa.

Kama unaniuliza je ina maana wazo zima la dawa za zamani ni uongo, nasema hapana na naliamini bado. Daktari Nir Barzilai wa New York na wenzake waliandaa jaribio linaloitwa TAME, watu 3,000 wa miaka 65 hadi 79 wasio na sukari, metformini dhidi ya kidonge kitupu, miaka sita, walikutana na mamlaka ya dawa ya Marekani tangu 2015, na kikwazo kimekua pesa maana dawa isiyo na mwenyewe hakuna kampuni inayotaka kuilipia. Hilo linanisikitisha kuliko kitu chochote kwenye hii habari. Pesa tunazolipa sisi wateja kila mwezi kwenye hizi aplikesheni zingeweza kujibu swali, badala yake kila mtu anajijaribu peke yake chumbani na hakuna anaeandika matokeo.

Na kwanini jaribio ni muhimu, angalia aspirini. Ya zamani kuliko zote hizi, imeanza kuuzwa 1899, watu wazima wazee walikua wanakunywa kila siku kwa kujikinga, kila mtu anajua haina neno. Kisha likaja jaribio la Australia na Marekani, wazee 19,114 wenye afya, wengi miaka 70 kwenda juu, miligramu 100 kwa siku, majibu yakatoka 2018: haikuwaongezea miaka ya kuishi bila ulemavu, iliongeza kutokwa damu, na waliokufa kwenye kundi la aspirini walikua asilimia 5.9 dhidi ya 5.2. Dawa ile ile, ya zamani ile ile, kwa mtu asieihitaji.

Nani ningemwambia aongee na daktari wake kuhusu metformini? Mwenye sukari, bila shaka, na yule ambae sukari yake iko mpakani. Kwa hao wa mpakani kuna jaribio la Marekani la 2002, watu 3,234, metformini ilipunguza kupata kisukari kwa asilimia 31. Ila kundi la kubadilisha mlo na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki lilipunguza kwa 58. Niliandika hizo namba mbili nyuma ya daftari la jimu.

Kujitoa kwenye huduma ilinichukua wiki tano na barua pepe nane, kitufe cha kusitisha kimefichwa ndani ya "badilisha kifurushi", na walinikata mwezi mmoja wa ziada ambao hawajarudisha. Kwahiyo nyota mbili, moja ya dawa halali na moja ya usafirishaji.

Nimeacha miezi minne sasa, kwa kushauriana na daktari wa mama. Jana kwenye daftari nimeandika 57.5. Vidonge vilivyobaki nilivipeleka kwa yule mfamasia aviharibu, mama alisema nimpe yeye visipotee nikamkatalia maana vyake ni vya 850 na vyangu vya aina nyingine, angechanganya. Tumeanza nae zoezi la kusimama kutoka kwenye kiti bila kushika, mara tano asubuhi mara tano jioni, na kwenye ngazi ameshafika ya tatu, mimi nimesimama nyuma yake.